Nyanya za uani zikigoma, tazama mti na kamba kabla ya dawa

Mama jirani alipita uani kwetu asubuhi moja, jani la nyanya kiganjani. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka na kuniuliza: "Mwanangu, hii siyo kantangaze?" Alimaanisha yule kiwavi anayejificha ndani ya majani ya nyanya. Nikamuuliza jani amelichuma wapi, chini ya mche au kileleni. Hakukumbuka. Alikuwa ameshapuliza dawa mara mbili, ya ukungu na ya wadudu, na ile ya wadudu alipimiwa dukani kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina hata kibandiko. Tukaenda kuangalia. Miche yake yote ilikuwa imelala chini, majani yamegandamana na udongo uliorushwa na mvua ya usiku. Kantangaze hakuwepo. Tatizo lake lilikuwa kwamba nyanya hazikuwa na pa kuegemea.

Mimi hulima miche kama ishirini kila msimu, Mbagala, Dar es Salaam, kwenye udongo wa kichanga. Si shamba, ni mboga ya nyumbani na ya kumgawia mgeni. Lakini miche ishirini inakutosha kukutana na karibu kila balaa la nyanya, na balaa nyingi nilizokutana nazo zilianzia kwenye mti wa kuegemeza mche, kamba ya kuufungia au maji. Kwa hiyo mche ukiugua nausoma kutoka chini kwenda juu. Ukungu wa madoa huanzia kwenye majani ya chini na kupanda. Virusi hujionyesha kileleni, kwenye majani machanga. Mnyauko hushika mche mzima. Ukishajua dalili imeanzia wapi, nusu ya maswali yamekwisha jijibu.

Mche umelala, umepinda au umevunjika

Kwanza jua una nyanya gani. Tanya, Cal J na Rio Grande ni aina fupi: zinakua hadi kimo fulani, zinasimama, na matunda yake mengi yanaiva kwa karibu karibu. Money Maker na Anna F1 ni ndefu: zinaendelea kurefuka na kuzaa kadiri zinavyotunzwa. Ndefu zinahitaji mti wa mita mbili. Fupi zinatosheka na mita moja au moja na robo, ingawa utaambiwa na wengi kwamba hazihitaji kabisa. Wakati wa kiangazi unaweza kuziacha zilale juu ya nyasi kavu ukavuna. Mvua ikinyesha, kila tunda linalogusa udongo linaoza ubavu.

Mti usimikwe siku ileile unayohamisha mche kutoka kitaluni, au isizidi wiki mbili baadaye. Ukisubiri mpaka mche uelemewe na matunda ndipo ukumbuke mti, utachoma mizizi katikati, na siku mbili baadaye utaona mche umelegea ukadhani ni ugonjwa. Acha nafasi ya vidole vinne vitano kati ya mti na shina. Kwenye kichanga chetu nauzamisha sentimita 45. Kwenye mfinyanzi 30 zinatosha. Usimike upande unakotoka upepo, ili kusi ikivuma mche uvutwe na kamba badala ya kusuguliwa kwenye mti.

Kuhusu mti wenyewe, nimekosea vya kutosha. Mwaka mmoja nilitumia vipande vya shina la muhogo kwa sababu vilikuwa vimelala pale uani bure. Baada ya wiki tatu vikachipua. Nikawa na shamba la muhogo lililopandwa katikati ya nyanya, vikinyang'anyana maji. Fito mbichi za mlonge zinafanya vilevile. Mianzi iliyokauka ni mizuri sana. Fito kavu za kawaida nazo zinafaa, ila mchwa wanazila kuanzia chini bila wewe kuona, na mti unaanguka siku mche ulipobeba kuliko siku zote. Kila wiki tikisa kila mti kwa mkono. Unaocheza, uchomoe uangalie ncha. Wako watu wanaopaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Sikushauri, ile ni bustani ya chakula.

Mche ukishavunjika, usikimbilie kuung'oa. Kama ngozi ya shina bado imeshikana upande mmoja, unyanyue taratibu, weka vijiti viwili pembeni kama mtu aliyevunjika mkono anavyofungwa, zungushia kitambaa, punguza matunda machache, na uukinge jua siku mbili tatu. Mara nyingi unaunga. Kama umevunjika au kupinda karibu na ardhi, pandishia udongo mpaka juu ya jeraha, kwa maana shina la nyanya lina tabia ya kutoa mizizi popote linapoguswa na udongo wenye unyevu. Kilele kikikatika kabisa, chagua otea moja lenye nguvu, yaani chipukizi linalotoka kati ya shina na jani, liwe shina jipya. Na kile kilele chenyewe kitie kwenye glasi ya maji au udongo uliolowa, kivulini: baada ya wiki moja hadi siku kumi hivi kinakuwa na mizizi, umepata mche wa bure.

Juu ya fundo kuna njano, shina limeingia kiuno

Hii ni kamba. Uzi wa nailoni, waya mwembamba, au fundo lililokazwa mche ukiwa mdogo na halikulegezwa tena. Shina la nyanya linanenepa haraka; fundo la wiki ya pili likifika wiki ya sita ni kitanzi. Fungua, na kama shina halijakatika ndani litajirudi.

Mimi hutumia vipande vya khanga kuukuu au fulana iliyochoka, upana wa vidole viwili. Katani nayo ni nzuri, na kwa mtu wa Tanga au Morogoro ni aibu kununua nailoni, ila masika ikiwa ndefu inaoza, ikague. Funga kwa namba nane: kamba izunguke mti na kukazwa huko, ipishane katikati, kisha iuzunguke mche kwa ulegevu wa kupitisha kidole. Fundo likae chini ya jani, lisikae juu ya kishada cha maua. Ongeza fundo kila mche unaporefuka kama shubiri moja. Ukichelewa, kilele kinainamia njiani, na kukinyoosha siku hiyo ndiko kunakokivunja. Nyoosha mchana au jioni, shina likiwa limelegea kidogo; asubuhi limejaa maji, linakatika kama tango.

Mche ni kichaka kizuri, matunda hakuna

Majani ya kijani iliyokolea, shina nene kama kidole gumba, kila anayepita anasifia, na maua manne tu. Hapo kuna naitrojeni nyingi: samadi ya kuku ambayo haijaiva, au urea iliyomwagwa kwa huruma. Acha mbolea hiyo, endelea na maji, na upogolee.

Kupogolea ndiko watu wanakochanganya. Kwenye aina ndefu, otea linalochipua kwapani, kati ya shina na jani, litoe likiwa dogo, urefu wa kidole, kwa kulivunja pembeni na mkono. Bakiza shina moja au mawili. Ukitaka mawili, otea la kuacha ni lile lililo chini tu ya kishada cha kwanza cha maua, ndilo lenye nguvu kuliko yote. Kwenye aina fupi, ondoa tu yaliyo chini ya kishada cha kwanza kisha weka mikono mfukoni; kila otea unalokata juu ya hapo ni matunda uliyoyatupa. Niliwahi kuzipogolea Tanya kama Anna, kwa bidii kubwa. Nilivuna kidogo kuliko jirani ambaye hakugusa kitu.

Fanya kazi hiyo asubuhi umande ukikauka, ili kidonda kikauke mchana. Na mvuta sigara aanze kwa kunawa mikono na sabuni, maana virusi vya tumbaku hupita kwenye vidole hadi kwenye nyanya.

Maua yapo, yanapukutika

Kwa sisi wa pwani hili ndilo swali kubwa, na jibu lake haliko dukani. Nyanya haipendi usiku wa joto. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 hivi, na mchana ukipita 32, chavua inaharibika, ua linakauka pale kwenye kiungo chake na kuanguka. Dar es Salaam, kuanzia Desemba mpaka Machi, ndivyo usiku wetu ulivyo. Mtu anapanda Novemba, Januari maua yanamwagika, anapuliza dawa ya maua, yanamwagika tena.

Dawa ni kalenda. Mbegu zangu naziweka kitaluni mwishoni mwa Aprili, nahamisha miche mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni masika ikiwa imetulia, na maua yanafunguka Julai, kipupwe kimeingia na usiku una ubaridi. Watu wa Lushoto na Mgeta, kule milimani kwenye baridi, hawana habari na shida hii. Wao wana ya kwao, nitaitaja.

Kama msimu ni sahihi na bado maua yanapukutika, angalia kama mche ulikaukiwa maji, kisha angalia kama kuna kitu cha kuutikisa. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua inahitaji mtikisiko ili ishuke. Upepo hufanya kazi hiyo, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa huifanya vizuri zaidi kwa mvumo wao. Uani kwenye ukuta mrefu pande zote hakuna upepo. Basi pita saa tatu nne asubuhi, ugongegonge kila mti kwa kijiti. Kazi ya dakika tano. Watoto wanaipenda.

Kitako cha tunda kimekuwa cheusi

Tunda bado kijani au linaanza kuiva, na pale chini, mkabala na kikonyo, kuna doa la maji linalogeuka kahawia, kisha jeusi, limebonyea, gumu kama ngozi ya kiatu. Watu wanaita ugonjwa na kupuliza dawa ya ukungu. Hakuna mdudu hapo wala ukungu, walau mwanzoni. Ukungu mweusi huja baadaye kukaa juu ya kidonda. Ni kuoza kitako, nako hutokana na tunda kukosa kalsiamu wakati linatanuka.

Hapa watu wanaposikia kalsiamu wanakwenda kusaga maganda ya mayai. Ngoja kwanza. Udongo mwingi una kalsiamu ya kutosha. Shida ni usafiri. Kalsiamu hupanda na maji kutoka kwenye mizizi, na majani yanayovuta maji mengi hupata kwanza, tunda linapata makombo. Maji yakikatika siku tatu, kama yanavyokatika kwetu, halafu ukarudi na ndoo nne kwa mpigo kufidia, tunda lililokuwa likitanuka siku zile tatu limeshaumia. Doa utaliona wiki mbili baadaye, wakati umeshasahau siku uliyokosa maji. Kishada cha kwanza ndicho kinachoumia zaidi, na kichanga, ambacho hakishiki maji, kinaongeza tatizo maradufu.

Ninachofanya: kwanza matandazo, majani makavu ya mgomba au nyasi, unene wa kiganja, yasiguse shina. Kisha maji kwa kipimo kilekile kila siku. Mche uliobeba naupa lita moja na nusu hadi mbili, na nina madumu mawili ya akiba kwa ajili ya siku bomba linapokauka. Tatu, sipalilii na jembe karibu na shina, kwa sababu mizizi iliyokatwa haileti kitu; magugu nang'oa kwa mkono. Nne, napunguza urea. Tangu nishike matandazo na kipimo, kitako cheusi nakiona kwenye matunda mawili matatu ya mwanzo tu.

Maganda ya mayai hayadhuru, ila yanachukua muda mrefu sana kuoza kuliko msimu wa nyanya. Kupulizia kalsiamu kwenye majani nako husaidia kidogo mno, kwa kuwa iliyoingia kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Kama udongo wako ni wenye asidi, changanya chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Matunda yenye doa yaondoe. Hayaambukizi mengine, ila yanakula nguvu ya bure.

Tunda likipasuka miduara kuzunguka kikonyo au nyufa za kushuka, sababu ni hiyohiyo ya maji ya ghafla baada ya ukame. Likiwa na baka jeupe upande mmoja tu, uliotazama jua, umelivua majani mno.

Majani

*Ya chini yana madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara.* Bakajani tangulia. Vimelea vyake hukaa kwenye mabaki ya mimea na udongo, na tone la mvua au maji ya ndoo yanayorushwa kutoka juu huviinua hadi kwenye jani. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya mama jirani. Ondoa majani yote ya sentimita 30 za chini mche ukishafikia kiuno, tandaza, mwagilia shinani. Dawa za ukungu za kukinga zinasaidia kabla doa halijaenea; jani lililokwisha kuungua haliponi.

*Mabaka makubwa ya majimaji, chini ya jani kuna utando mweupe asubuhi, na ndani ya siku chache bustani imekuwa kama imemwagiwa maji ya moto.* Bakajani chelewa, na hii ndiyo shida ya Lushoto na Mgeta niliyoisema: inataka ubaridi na unyevu. Pwani huiona mara chache. Ukiiona, ng'oa mche na uuondoe kabisa, na kama una viazi mviringo karibu, vikague siku hiyohiyo.

*Yamejikunja.* Hapa tulia. Kama ni majani ya chini, yamejikunja kuelekea juu kama karatasi ya kufungia karanga, magumu lakini ya kijani, na kileleni mche unaendelea vizuri, ni joto au umepogolea kwa wingi siku moja. Hayana madhara. Kama ni ya kileleni, madogo, kingo za njano, yamejikunja kama kikombe na mche umedumaa, hiyo ni rasta. Ni virusi vinavyobebwa na inzi weupe, wale wanaoruka kama vumbi ukitikisa mche. Mche wenye rasta hauponi. Ung'oe mapema kabla inzi hawajaupeleka ugonjwa kwa wenzake. Miche ikiwa kitaluni ifunike kwa chandarua chenye matundu madogo sana, kwani maambukizi ya utotoni ndiyo yanayoua mavuno.

*Yamepauka, vidoti vidogo vya njano, kama yamepakwa vumbi.* Yagonge juu ya karatasi nyeupe. Vidoti vyekundu vikitembea, ni utitiri mwekundu. Wanapenda ukame na vumbi la barabarani. Rusha maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi siku kadhaa mfululizo. Na angalia mnavu wako: utitiri hujificha huko.

*Yana mabaka meupe yanayoonyesha upande wa pili, ndani kuna vinyesi vyeusi.* Sasa ndiye kantangaze. Kiwavi wa kipepeo mdogo wa kijivu anayeruka usiku, asili yake Amerika Kusini, aliyethibitishwa Tanzania mwaka 2014. Anakaa ndani ya ngozi ya jani, ndiyo maana dawa nyingi zinampita juu, kisha anatoboa tunda karibu na kikonyo. Kwa miche ishirini mkono wako unafaa kuliko bomba la dawa: kila jioni chuma majani yenye mabaka, yatie kwenye kopo lenye mfuniko, liache juani siku mbili tatu. Usiyatupe kwenye shimo la mboji. Naye pia anazaliana kwenye mnavu, bilinganya na viazi. Ukilazimika kupuliza, nunua chupa iliyofungwa yenye kibandiko, soma siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na uzihesabu kweli.

Mche unanyauka

Mche mdogo uliokatwa usiku usawa wa ardhi ni kazi ya sota, kiwavi wa ardhini. Chimbua kidogo kuzunguka, utamkuta amejikunja. Kipande cha chupa ya plastiki kilichozamishwa kuzunguka mche kinamzuia.

Mche mkubwa ukinyauka saa nane mchana na jioni ukaamka, udongo ukiwa na unyevu, ni joto tu. Usiuzamishe kwa maji. Ukinyauka ukiwa kijani kibichi na asubuhi ya pili haujaamka, fanya jaribio hili: kata shina karibu na ardhi, lining'inize ncha yake kwenye glasi ya maji safi, usilitikise. Ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama tui zikishuka, ni mnyauko bakteria. Kama hakuna tui, na majani yalianza kuwa njano kutoka chini, pengine upande mmoja wa mche tu, pasua shina: rangi ya kahawia kwenye mishipa ni mnyauko fusari. Kama shina ni safi, ng'oa uangalie mizizi. Vinundu kama shanga ni minyoo fundo.

Kwa mnyauko bakteria hakuna dawa ya kuponya. Toa mche na udongo wa mizizi yake, usimwagie jirani zake maji yanayotiririka kutoka pale, na usipande hapo nyanya, bilinganya, pilipili, hoho, nyanya chungu wala viazi mviringo kwa miaka mitatu au zaidi. Uani hakuna nafasi ya kuzungusha mazao hivyo, najua. Mimi sehemu ile nimeweka mchicha na mahindi, na nyanya nimezihamishia kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, zenye udongo kutoka kwingine. Ndoo zinataka maji mara mbili kwa siku, na mti wake unafungwa kwenye ukuta kwa sababu ndoo yenyewe haiwezi kuushikilia.

Kisu nakiosha kwa sabuni kila nikitoka mche mgonjwa kwenda mzima. Miti ya miche iliyovunwa salama naisugua, naianika juani, naihifadhi darini. Ile iliyoshika miche iliyokufa kwa mnyauko hairudi bustanini. Inaishia jikoni, chini ya sufuria ya maharage.